Wenyeviti wa Idara Wajifunge kwa Kanuni Kabla ya Kuchaguana

Hivi majuzi mwenzangu mmoja anayeongoza idara ya Kiswahili katika chuo kikuu kimojawapo cha humu nchini aliniletea rasimu ya katiba yenye kurasa 11, akaniomba niisome kwa jicho la mwanaisimu. Rasimu hiyo ni ya chama kinachokusudiwa kuwaleta pamoja wenyeviti wa idara zinazofundisha Kiswahili na isimu katika vyuo vikuu vyetu, vya umma na vya kibinafsi. Nilidhani anataka nimsahihishie tahajia na upatanisho wa kisarufi. Kumbe waandalizi walikuwa wamekwisha kukubaliana kwamba mkutano wa kwanza utafanya mambo mawili kwa siku moja: asubuhi kuipitisha katiba, na alasiri kuwachagua viongozi. Niliisoma mara tatu, kisha nikampa mwenzangu jibu ambalo halikumfurahisha. Nilimwambia kwamba uchaguzi huo usifanyike siku hiyo, mpaka mapengo kadhaa yaliyomo katika kurasa hizo yazibwe. Makala haya ni maelezo ya jibu hilo.

Huenda msomaji aliye mwalimu wa shule ya upili, au mwanafunzi anayeng'ang'ana kukamilisha karo ya muhula, akauliza: mambo ya wakubwa wa vyuo yananihusu nini? Yanamhusu sana. Mwenyekiti wa idara ndiye anayewagawia wahadhiri kozi, ndiye anayependekeza majina ya watahini wa nje, ndiye anayepokea alama na kuzifikisha kwenye kitivo, na ndiye anayeanzisha safari ndefu ya kuubadilisha mtaala wa shahada. Mwanafunzi ambaye alama zake zimepotea hubisha mlango wake kabla ya mlango mwingine wowote. Hata hivyo, kila mwenyekiti huyafanya haya peke yake, nyuma ya ukuta wa chuo chake, asijue jirani anafanya nini.

Matokeo ya upweke huo yako darasani. Wapo wahitimu wanaokwenda kufundisha "kundi nomino", na wapo wanaofundisha "kirai nomino", ilhali wote wanazungumzia kitu kimoja, na mtahiniwa wa kidato cha nne ndiye anayeachiwa kazi ya kuwapatanisha maprofesa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha mwaka wa 1990, kwa nia ya kuziweka istilahi hizi mahali pamoja. Lakini kamusi haiwezi kuingia katika mkutano wa idara na kupiga kura. Wanaoweza ni wenyeviti.

Aidha, kazi kubwa inakuja. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 na Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili, mahitaji ya walimu yaliongezeka ghafla, na vyuo vikatakiwa kuyatimiza. Sasa mfumo huo unaondoka. Kundi la kwanza la wanafunzi waliosoma kwa mtaala wa umilisi linatarajiwa vyuoni mwaka wa 2029, na shahada zitakazowapokea zapaswa kuwa tayari kabla hawajafika. Ni bora wenyeviti wazungumze kwa kauli moja kuhusu wanafunzi hao kuliko kila idara kujibunia yake. Kwa hiyo siupingi umoja huu. Nautaka, na ndiyo maana nachelea kuuona ukizaliwa na ugonjwa.

Nianze na lugha ya rasimu, kwa kuwa ndiyo niliyoitiwa. Vitenzi vyake vingi viko katika kauli ya kutendwa. "Mkutano mkuu utaitishwa kila mwaka." "Hesabu zitakaguliwa." "Nafasi ikiachwa wazi itajazwa." Twawafundisha wanafunzi wetu kwamba kauli hii huturuhusu kumwacha mtenda bila kumtaja. Mtoto akimwambia mama yake kwamba chungu kimevunjwa, mama hujua papo hapo kwamba kuna mtu anayefichwa. Katika rasimu hii anayefichwa ni yule atakayelaumiwa siku mkutano usipoitishwa. Utaitishwa na nani? Na mwenyekiti? Na katibu? Hesabu zitakaguliwa na nani, na atakabidhiwa vitabu siku gani? Mahali pengine nilikuta kitenzi kingine cha hatari, nacho ni "kuweza". Rasimu yasema kwamba mwenyekiti anaweza kuitisha mkutano maalumu endapo theluthi moja ya wanachama wataomba. Maana yake ni kwamba theluthi nzima ikiomba, yeye bado anaweza kukataa, na hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Nilipendekeza kwamba kila kifungu kipimwe kwa maswali matatu: nani atafanya, lini atafanya, na asipofanya itakuwaje. Kifungu cha mkutano maalumu basi kingesomeka hivi: katibu ataitisha mkutano maalumu katika muda wa siku 30 tangu kupokea barua iliyotiwa saini na theluthi moja ya wanachama, asipofanya hivyo, waliotia saini watauitisha wenyewe, na maamuzi yake yatakuwa halali. Kifungu hiki kimekuwa kirefu zaidi ya kile cha rasimu, lakini hakimwachi mwanachama akimlilia mtu asiyetaka kusikia.

Hayo ya vitenzi yanaweza kurekebishwa kwa jioni moja. Kuna tatizo lililo zito zaidi, nalo ni la aina hii ya chama peke yake. Chama cha wakulima wa chai huundwa na wakulima, na mtu huendelea kuwa mkulima maadamu ana shamba lake. Mwenyekiti wa idara si mtu wa namna hiyo. Yeye ni mhadhiri aliyekabidhiwa ofisi kwa miaka miwili au mitatu, kisha hurudi darasani na funguo za ofisi zikampita kwenda kwa mwingine. Je, mwanachama wa chama hiki ni yule mtu, au ni ile ofisi?

Rasimu haikulijibu swali hili, au ililijibu bila kujua. Ibara ya uanachama yasema kwamba mwanachama ni mwenyekiti yeyote wa idara aliyelipa ada. Ibara inayofuata yasema kwamba uanachama utakoma kwa kifo, kwa kujiuzulu au kwa kufukuzwa. Kuondoka katika uongozi wa idara hakumo. Tuseme basi kwamba zimejiunga idara 20, na kila idara inabadilisha mwenyekiti baada ya miaka mitatu. Baada ya miaka tisa chama kitakuwa na wenyeviti 20 walio ofisini na wengine 60 waliokwisha kuondoka, wote wakiwa na kura sawa. Kwa kila wapiga kura wanne, watatu watakuwa hawaongozi idara yoyote. Chama cha wenyeviti kitakuwa kimegeuka baraza la wastaafu wa cheo, na mwenyekiti mpya anayeitwa leo na kitivo kujibu swali la mtaala hatakuwa na nguvu humo ndani.

Neno lenyewe linatuponza. "Mwenyekiti" ni neno lililoambatanishwa kutokana na "mwenye", linaloashiria umiliki, kama katika mwenye nyumba na mwenye shamba. Aitwaye hivyo husikia kila siku kwamba kiti ni chake. Wazee walikwisha kutuasa kwamba cheo ni dhamana, lakini dhamana isiyo na tarehe ya kurejeshwa huishia kuwa mali.

Wapo watakaosema: basi uanachama ukome siku mtu anapoacha ofisi. Hapo ndipo tunapotumbukia katika shimo la upande wa pili. Katika vyuo vyetu vingi, mwenyekiti wa idara huteuliwa kwa barua ya naibu chansela, na kilicholetwa kwa barua huweza kuondolewa kwa barua. Iwapo uongozi wa chama utategemea barua hiyo, naibu chansela asiyependezwa na msimamo wa mwenyekiti wa chama hana haja ya kubishana naye. Atambadilisha katika idara siku ya Ijumaa, na Jumatatu chama hakina kiongozi. Silaumu ofisi yoyote; naeleza mlango ambao rasimu imeuacha wazi.

Sisi wahadhiri wa nchi hii hatuna ruhusa ya kusahau jambo hili. Chama cha wafanyakazi wa vyuo vikuu kilipigwa marufuku mwaka wa 1980. Wahadhiri walipojaribu kusajili chama chao cha UASU mwaka wa 1993 walikataliwa, mgomo ukafuata, na baadhi ya waliouongoza wakapoteza kazi zao. Cheti cha usajili kilipatikana mwaka wa 2003. Chama cha wenyeviti si chama cha kutetea mishahara, wala hakitaitisha mgomo. Lakini kitatoa maoni kuhusu mitaala, watahini na ukubwa wa madarasa, na maoni ya aina hiyo hayampendezi kila mtu. Katika Katiba ya mwaka wa 2010, Ibara ya 36 inampa kila mtu uhuru wa kujumuika na wengine, na inataka usajili wa chama usinyimwe wala usifutwe bila sababu ya maana. Uhuru huo umetukinga na aliye nje. Udhaifu wa kanuni zetu wenyewe hauwezi kutukinga nao.

Njia ya kutokea, kwa maoni yangu, ni kutenganisha mambo mawili yaliyochanganywa. Uanachama uwe wa idara. Kila idara iwe na kura moja, na kura hiyo ipigwe na yule anayeishika ofisi siku ya mkutano. Uongozi wa chama, kwa upande mwingine, uwe wa mtu aliyechaguliwa. Akichaguliwa akiwa mwenyekiti wa idara, amalize muhula wake wa miaka miwili katika chama hata kama ameondolewa katika idara, ila kura ya idara iende kwa mrithi wake. Muhula huo ukatizwe kwa mambo mawili tu yasiyo kifo au kujiuzulu: akiacha kabisa kazi ya kufundisha chuoni, au theluthi mbili za idara zikipiga kura ya siri kumwondoa. Waliotangulia waitwe wanachama washauri, waalikwe, wasikizwe, wasipige kura.

Najua atatokea wa kuniuliza: mtu asiyeongoza idara atawaongozaje wanaoziongoza? Swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba hali hiyo haitazidi miezi 24, na hasara yake ni ndogo kuliko kumpa mtu wa nje uwezo wa kutuchagulia kiongozi.

Walimu wanaosoma makala haya wana mfano ulio karibu zaidi. Vyama vya wakuu wa shule, KESSHA kwa shule za upili na KEPSHA kwa shule za msingi, vimejengwa juu ya cheo vilevile. Mwalimu mkuu anayeongoza tawi akihamishwa na Tume ya Kuwaajiri Walimu kutoka kaunti moja hadi nyingine, tawi alilokuwa akiliongoza linabaki na nani? Walimu na waisome katiba ya tawi lao leo jioni, waone kama swali hilo limejibiwa au limeachwa kwa atakayekuwepo.

Yapo pia mambo madogo yanayozaa ugomvi mkubwa. Idara nyingine huongozwa na kaimu kwa miaka, na rasimu haimtambui kaimu. Naona apige kura maadamu ana barua ya kukaimu. Katika vyuo vingine Kiswahili kimo ndani ya idara moja pamoja na Kiingereza, Kifaransa na isimu, na mwenyekiti huenda akawa mtaalamu wa lugha nyingine. Idara kama hiyo iruhusiwe kumteua kwa maandishi mwalimu anayesimamia sehemu ya Kiswahili, kwa mwaka mmoja mmoja. Chuo chenye idara mbili kiwe na kura mbili, lakini kisitoe viongozi wawili katika kamati moja ya utendaji. Na idara yenye wahadhiri watatu iwe na kura sawa na yenye wahadhiri 30, kwa kuwa mwanafunzi wa idara ile ndogo naye anapewa shahada kamili.

Naomba sasa nieleze ni kwa nini nimekuwa mkali juu ya mambo ambayo wengine wanayaona kuwa ya makarani. Nilipokuwa mhadhiri msaidizi nilijiunga na chama kimoja cha wapenzi wa lugha, ambacho sitakitaja. Hakikuwa na mwizi hata mmoja. Katiba yake ilitaka akidi ya nusu ya wanachama wote waliosajiliwa, lakini haikusema ni nani atakayeyafuta majina ya waliohama, waliokwenda ng'ambo na waliofariki. Kila mwaka daftari lilinenepa, na kila mwaka tuliokuja mkutanoni tulikuwa wachache kuliko nusu. Kwa kuwa akidi haikutimia, uchaguzi haukufanyika. Kwa kuwa uchaguzi haukufanyika, waliokuwa ofisini walibaki ofisini. Walikaa miaka saba kwa mujibu wa katiba. Mwenyekiti wetu, mtu mpole sana, alitusihi mara mbili tumpokee barua ya kujiuzulu, tukamwambia kwamba hakuna mkutano halali wa kuipokea.

Fedha nazo zilikuwa na kisa chake. Akaunti ilifunguliwa kwa saini za watu watatu waliotajwa kwa majina yao, si kwa vyeo vyao, na saini zote tatu zilihitajika. Mmoja alifariki, mwingine akapata kazi nje ya nchi, akabaki mmoja. Benki ilidai kumbukumbu za mkutano mkuu zinazoonyesha viongozi wapya, na mkutano mkuu, kama nilivyoeleza, haukuwa na akidi. Ada zetu za shilingi 500 kila mtu zikalala humo zikikatwa gharama za benki mpaka zikaisha. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wahenga. Yetu ilipotea tukiwa na habari zake zote.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeendesha shindano la insha kwa shule za upili, na tumetangaza washindi. Msichana mmoja kutoka shule ya Kwale alikuwa wa kwanza. Hundi yake haikuandikwa. Miaka kadhaa baadaye, katika warsha ya walimu, mwalimu kijana alinifuata wakati wa chai akaniamkia, "Shikamoo, mwalimu," kisha akaniuliza kwa heshima kama ile zawadi ya insha bado ingeweza kupatikana. Alikuwa ndiye. Alikuwa ameihifadhi barua yetu ya pongezi. Nilimweleza habari za akidi na saini, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haidhuru, mwalimu," akarudi kwa wenzake. Tangu siku hiyo sijasoma kifungu cha akidi bila kumkumbuka.

Je, sheria ya nchi haiwezi kutuokoa? Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iliyoanza kutumika mwaka wa 1968, inakihesabu kuwa chama kile chenye watu kumi au zaidi, na inataka kiombe usajili kwa Msajili wa Vyama. Jedwali lake linaorodhesha mambo ambayo lazima katiba ya chama iyataje: jina na madhumuni, wanaostahili kujiunga, ada, namna ya kumsimamisha au kumfukuza mwanachama, viongozi na jinsi wanavyochaguliwa, namna ya kujaza nafasi zilizo wazi, mikutano na akidi zake, utunzaji wa fedha, ukaguzi wa hesabu, haki ya mwanachama kuvikagua vitabu, namna ya kuibadilisha katiba, na namna ya kukivunja chama na kugawa mali yake. Sheria hiyohiyo inataka mkutano mkuu ufanyike angalau mara moja kwa mwaka, wanachama wasomewe hesabu, na taarifa ipelekwe kwa Msajili. Orodha hiyo ni nzuri. Lakini inauliza tu kama akidi imetajwa. Haiulizi kama itatimia. Chama chetu kilichokufa kilikuwa na cheti safi cha usajili.

Kwa hiyo mambo yenyewe tuyaamue sisi. Kuhusu akidi, theluthi moja ya idara zilizomo katika daftari lililohakikiwa na katibu kila Januari yatosha. Isipotimia, mkutano uahirishwe kwa siku 21, na watakaohudhuria siku hiyo wawe ndio akidi, isipokuwa kwa kubadilisha katiba au kumwondoa kiongozi. Mikutano isifanywe Nairobi kila mwaka huku wa Garissa na Mombasa wakilala njiani; izungukezungushwe, na anayeshindwa kusafiri aruhusiwe kushiriki kwa mtandao, mradi jina lake limeandikishwa mapema. Kiongozi asizidishe mihula miwili katika nafasi moja, na muhula uhesabiwe kwa tarehe, wala si kwa uchaguzi. Ukifika mwisho bila uchaguzi, madaraka yake yakome, na katibu akabidhi ofisi kwa wajumbe watatu ambao kazi yao pekee itakuwa kuendesha uchaguzi huo katika siku 60. Kama kifungu hiki kimoja kingekuwemo katika chama chetu cha zamani, yule msichana wa Kwale angelipwa.

Kuhusu fedha, watia saini watajwe kwa vyeo: mwenyekiti, katibu na mweka hazina, wawili kati yao wakitosha, na benki iarifiwe mabadiliko katika siku 30 baada ya uchaguzi. Ada isitumwe kwa simu ya mweka hazina. Najua urahisi wa M-Pesa, lakini fedha za chama zikichanganyika na za unga na karo ya watoto, hata mtu mwaminifu hawezi kuzitenganisha. Chama kiwe na nambari yake ya malipo yenye jina lake. Na ada iwe ndogo kiasi cha mwenyekiti kuweza kuitoa mfukoni endapo chuo kitachelewa, maana idara ikinyimwa kura kwa kuwa mhasibu wa chuo hajalipa, tutakuwa tumempa mhasibu kura hiyo.

Mwenzangu alinisikiliza, kisha akanijibu: "Daktari, sisi ni watu wanaojuana tangu masomo ya uzamili. Kanuni hizi zote ni za watu wasioaminiana." Sikulibeza jibu hilo. Ni kweli kwamba watu waliomo katika kamati ya waandalizi wanaaminiana, na nawaamini pia. Lakini katiba haiandikwi kwa ajili yao. Inaandikwa kwa ajili ya wale watakaozirithi ofisi zao baada ya miaka tisa, ambao leo huenda wameketi katika mihadhara yetu ya mwaka wa pili wakinakili aina za vishazi. Hao hawajaonana. Urafiki wetu hatuwezi kuwarithisha. Tunachoweza kuwarithisha ni maandishi. Ndiyo maana katiba, katibu na kitabu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuandika.

Alikuwa na hoja ya pili, na hiyo nilimkubalia. Alisema kwamba chama cha watu wanaojitolea kikibebeshwa vifungu mia hakitatembea. Ni kweli. Ninayopendekeza si mia. Uanachama, muhula, akidi, saini, mkutano maalumu na namna ya kumwondoa kiongozi: mambo haya sita yawe katika katiba na yabadilishwe kwa theluthi mbili. Mengine, kama vile kiwango cha ada, zamu za mikutano na kamati za istilahi, yawekwe katika kanuni ndogo zinazoweza kubadilishwa na wengi wa kawaida katika mkutano wowote mkuu.

Limebaki jambo moja ambalo sikutarajia kulikuta. Ibara ya mwisho ya rasimu yasema kwamba katiba itakuwa na matini mbili, ya Kiswahili na ya Kiingereza, na kwamba pakitokea mgongano wa maana, matini ya Kiingereza ndiyo itakayofuatwa. Niliisoma tena nikidhani macho yananidanganya. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi bega kwa bega na Kiingereza. Leo wenyeviti wa idara za Kiswahili, watu wanaolipwa kuwafundisha wengine kwamba lugha hii inaweza kubeba sayansi, sheria na falsafa, wanaandika kwamba haiwezi kuaminiwa kubeba kanuni zao wenyewe. Kama Msajili anahitaji tafsiri ya Kiingereza, apewe, na iitwe tafsiri. Na kama maana ya kifungu fulani haieleweki kwa Kiswahili, kosa ni la mwandishi wa kifungu.

Nimeambiwa kwamba waandalizi watakutana tena kabla ya muhula kuisha. Nawaomba waitumie siku nzima kwa rasimu, na uchaguzi wausogeze mbele kwa miezi mitatu, muda wa kila idara kuisoma na kutoa maoni kwa maandishi. Nawaomba pia wawaonyeshe walimu wa shule za upili, kwa kuwa wao ndio wanaopokea matunda ya kazi yetu, matamu na machungu. Wanafunzi nao, ambao wana vyama vyao vya Kiswahili katika karibu kila chuo, wasingoje kuonyeshwa mfano na sisi. Wazitoe katiba zao makabatini, watafute kila kitenzi kilicho katika kauli ya kutendwa, na wakiandikie mtenda wake.